Mikono Yako Ilikuwa na Utomvu Tu

Rukia binti Hamadi,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa salamu, za aliyeandika na za kila aliyemo nyumbani, mmoja mmoja, mpaka karatasi inakaribia kwisha. Mimi nina hasira, kwa hiyo salamu nimeziweka kando. Zikibaki utazikuta huko mbele.

Naandika alasiri, jua bado liko juu ya migomba, kwenye karatasi za kufungia sukari nilizozichukua dukani kwa baba yako mkubwa bila kumwomba. Nyumba ni moja. Wewe umefungiwa chumba cha mbele pamoja na somo wako, mimi niko huku jikoni, na katikati yetu kuna ua na kuku wachache. Ningeweza kuja kukugongea. Lakini tangu uwekwe ndani hatujasemezana neno la maana, na kabla ya hapo ndiyo usiseme. Nikija na mdomo wangu tutagombana, au jambo baya zaidi ya hilo, utaniamkia. "Shikamoo mama." Leo sitaki shikamoo yako.

Mambo ya chungu na kitanda na namna ya kukaa na mama mkwe, somo wako amekwisha kukujaza masikio. Siongezi. Ninalotaka kukuandikia unalijua tangu zamani kuliko mtu yeyote, na hilo ndilo linalonikera. Nakuandikia jambo unalolijua kwa sababu mimi sijawahi kulisema.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Babu yako, baba yangu mzazi, alikuja huku Karagwe na msafara wa watu wa pwani. Wenzake wakarudi, yeye akabaki, kwa sababu ya mguu uliovunjika na baadaye kwa sababu ya mama yangu wa Kimuli. Biashara hakuiweza hata kidogo. Alichokuja nacho ni tenzi kichwani, na vibao viwili vya mti vya kupigia chapa nguo, kimoja cha nyota na kimoja cha korosho, alivyopewa na dada yake. Kwao wanawake walikuwa wakichapa merikani kwa vibao vya namna hiyo. Akanifundisha kughani, akanifundisha kuchonga, na aliponikuta nachonga huku naghani alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Wino tuliutafuta wenyewe, masizi ya chungu na utomvu wa mgomba. Utomvu unaujua ulivyo. Ukiingia kwenye nguo hautoki mpaka nguo yenyewe ichakae.

Ubeti mmoja aliutunga mwenyewe, siku wenzake walipomwacha kwenye mlango wa watu asiowajua:

Nimekuja ugenini,
sina ndugu na jirani,
mlango u wazi ndani,
na anayebisha nani?

Nilikuwa nakughania wewe mgongoni. Hukumbuki. Au unakumbuka na umeninyima hilo pia.

Sasa yule padri mwenye ndevu nyekundu. Baba yako alikuwa hai bado, anauza dukani na kaka yake. Padri alikuja kununua chumvi, mvua ikamkuta, akakaa barazani na kitabu chake kilicholowa. Alipokifungua ili kikauke ukurasa mmoja ukadondoka, nikauokota. Bibi Mariamu ameketi kwenye kigoda, amefumbata mikono kifuani, ametazama chini. Jibrili amepiga goti mbele yake, mbawa zake zina rangi za kila aina. Nguzo nyembamba juu yao. Hakuna kivuli popote, kila kitu kimekaa waziwazi.

"Nani kachora?" nikamuuliza.

"Mtu wa upande wa kwetu, mama. Zamani, zamani sana. Amechora ukutani, nyumba ya sala. Watu wa wakati ule hawajajua bado kuchora mbali. Tazama, nyumba ndogo, mtu mkubwa."

"Nyumba ni ndogo kwa sababu haina kazi hapo," nikamwambia. "Kazi wanayo hawa wawili."

Akacheka, akanitazama vizuri, akanipa ule ukurasa kwa kuwa ulikuwa umeanza kuoza. Akaniambia niende kwake nikasikilize mafundisho. Nikamjibu kwamba njia ya kwake ina matope. Nilikuwa na jeuri wakati huo, Rukia. Usifikiri nimezaliwa hivi nilivyo.

Kilichonishika katika picha ile si mbawa. Ni nafasi kati yao. Sakafu tupu, hakuna kitu, na hujui kama yule malaika ameshasema au bado. Vibao vyangu vyote mpaka siku ile vilikuwa vimejaa tele, nyota juu ya nyota, ua juu ya ua, maana nilikuwa naogopa mteja aseme nimemwibia. Nikaanza kujifunza kuacha. Kwenye mti ukikosea kuondoa hurudishi, kwa hiyo kila nilipotaka kuacha mahali patupu nilikaa juu yake siku nzima nikiwa nimeshika kisu tu. Baba yako alinidhihaki. Alisema ameoa mwanamke anayelipwa kwa kutofanya kazi.

Alipokufa kwa ndui, nikaanza kibao changu kikubwa. Mti wa omushambya, niliukausha juu ya moshi wa jikoni hii hii. Nguzo za mzungu nikazifanya migomba. Jibrili nikamvika rubugo, vazi la gome la watu wa kwa mama yangu, nikamsimamisha mlangoni. Chini nikachonga ile mistari miwili ya babu yako ya mwisho. Na yule mwanamke nikamketisha anamenya ndizi, macho chini. Nilihitaji uso. Wa kwako ndio uliokuwa mbele yangu kila siku, pale pale karibu na jiko, umeinamia matoke, paji pana na lile kovu linalokata unyusi ulipoangukia jiwe la kusagia. Nikakuchonga wewe. Hujawahi kuniuliza kwa nini. Ni kwa sababu ulikuwa mzuri, na hapakuwa na kitu kingine kizuri katika nyumba ile mwaka ule.

Yaliyofuata hutaki kuyasoma, na mimi sitaki kuyaandika. Basi tuko sawa.

Baba yako mkubwa hakuwa na kawaida ya kuingia jikoni. Siku hiyo aliingia kutafuta kaa la kuwashia kiko. Akainua macho, akakiona kibao juu ya uchaga. Akakishusha, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Mimi nilikuwa nimetoka kutawadha, mikono yangu inadondoka maji. Wewe ulikuwa umeketi na rundo la maganda.

"Nani kachonga sanamu ndani ya nyumba yangu?" Kisha akaitazama tena. "Hii sura ya Rukia. Kovu lake hili."

Nikasema, "Kajichonga mwenyewe, shemeji. Nimemkanya, hasikii."

Ilitoka haraka hivyo. Sikuifikiria hata kidogo. Nimeshawaza miaka yote hii kwamba labda nilifikiri kidogo, kwamba nilipima, mtoto atachapwa na yatakwisha, mimi nitafukuzwa na sitakuwa na pa kulala na wewe. Hapana. Niliogopa, mdomo ukafunguka, na wewe ukawa ndiye uliyekuwa karibu. Mjane katika nyumba ya kaka wa marehemu anajua ile ni hofu gani, lakini simwandikii mjane, nakuandikia wewe, uliyekuwa na miaka kumi.

Akakuambia unyooshe mikono. Ukainyoosha. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye kifundo. "Basi," akasema, "wino huu hapa."

Mikono yako ilikuwa na utomvu wa ndizi tu. Kila mwanamke na kila msichana wa nchi hii anayemenya ndizi ana mikono hiyo, kuanzia hapa Ihembe mpaka Kimuli. Shemeji yangu amezaliwa hapa, amekula ndizi maisha yake yote, na hajawahi kumenya hata moja. Hakujua utomvu unafanya nini mikononi mwa mtu. Nilijua mimi. Ulijua wewe. Ulinitazama, na mimi nikatazama mikono yangu iliyokuwa safi, maana kumenya nilikuwa nimekuachia wewe.

Alikuchapia uani, wanawake waliokuja dukani wakitazama. Nilisikia kila bakora, nimeshika mwiko. Kisha akarudi akakisukuma kibao jikoni, chini ya chungu chetu, kikawaka vizuri kwa sababu nilikuwa nimekikausha vizuri. Zile ndizi ulizomenya ziliivia kwa moto ule. Nikakupakulia. Ukala ukamaliza, ukaniambia ahsante mama.

Tangu siku hiyo nakuchukia kidogo, mwanangu. Naandika neno hilo kwa sababu nimechoka kukudanganya. Mwalimu wa chuo alikufukuza, hukumaliza msahafu, na hukusema. Watoto wa maduka walikuita mchonga sanamu, na hukusema. Wanawake waliokuja kununua nguo zangu walinipa pole kwa kuwa na mtoto kama wewe, mbele yako, na mimi nikapokea pole yao, na wewe ukawaletea maji ya kunywa. Ungenitukana! Ungesema mara moja tu, hata tukiwa wawili shambani, mama ulisema uongo. Ningekupiga, ningelia, yangekwisha. Badala yake kila asubuhi shikamoo mama, kila jioni chungu kimeoshwa. Adabu yako ilinikata maini kuliko tusi lolote. Nikaacha kukutazama usoni. Nikajizoeza kuitazama shingo yako, mikono yako, upindo wa nguo yako. Nilikuwa na hasira na wewe kwa kuwa na subira niliyokusababishia mimi. Najua hiyo ni akili ya namna gani, huna haja ya kuniambia.

Na kisu hukukishika tena. Hilo linaniuma peke yake. Kabla ya siku ile ulikuwa unakaa ubavuni pangu unakwangua vipande vya mti, na mkono wako ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Sikukuambia. Nilikuwa nangoja ukue, nisikupe kiburi. Sasa nakuambia, na halikusaidii chochote.

Wachumba wa hapa wote walikuwa wanasikia habari zako kabla ya kufika mlangoni. Akaja huyu Idi wa Bukoba, muuza ngozi, mtu mpole nasikia. Nikasema afadhali, huko mbali hawajui. Kumbe wanajua. Juzi mshenga wake, Mzee Feruzi, anakunywa kahawa barazani na baba yako mkubwa, mimi niko nyuma ya mlango, nikasikia. "Mama mkwe ana neno moja tu. Mwali akifika, kabla ya kuingia ndani, atakula yamini mbele ya wanawake kwamba ametubu, na kisu hatakishika ila cha jikoni." Na shemeji akajibu, "Ataapa. Msichana msikivu huyu."

Msikivu! Nilirudi jikoni nikavunja chungu. Ulisikia kishindo ukafikiri ni paka, somo wako aliniambia.

Nilijua ungeapa. Ungesimama mbele ya wanawake wa watu, ukaweka mkono juu ya msahafu ambao hukuruhusiwa kuumaliza, ukatubu dhambi yangu, kwa sauti yako ile ya chini. Na maisha yako yote katika nyumba hiyo yangekuwa ya mtu aliyesamehewa. Najua mtu aliyesamehewa anavyoishi. Nimekuona ukiishi hivyo humu ndani.

Kwa hiyo leo, baada ya adhuhuri, wanaume wanatoka kusali na wanawake wa Ihanda wanapita na mikungu yao kwenda gulioni, nilitandika mkeka mbele ya duka. Nikaweka ule ukurasa wa padri, niliouficha miaka yote hii chini ya nyasi za sakafu ya jikoni, mchwa wamekula mbawa moja ya Jibrili. Nikaweka ubao mpya, migomba na mistari nimeshaichonga usiku tangu juzi. Nikachukua kisu, nikaanza.

Mwanzoni watu walidhani nachonga maua. Nilipomaliza bega la mwanamke, yule mama mnene anayeuza maharage akasimama.

"Mawe! Mama Rukia, huyo si mtu?"

"Ni mtu," nikasema.

Shemeji akatoka na kanzu yake nyeupe. Akainama, akaongea kwa sauti ya kubembeleza kama ninaumwa. "Shemeji, unafanya nini hapa? Kesho tunatoa mwali. Wageni wanatazama."

"Ndiyo, watazame. Nafanya kile ulichompigia mwanangu."

"Mambo ya watoto hayo, yalishapita."

"Hayakuwa ya mtoto. Kile kibao nilichonga mimi. Nilikudanganya, na wewe ukapenda kudanganyika, kwa sababu kumpiga mtoto ni kazi rahisi."

Mzee Feruzi, aliyekuwa ameketi barazani, akaweka kikombe chini. "Bibi, sema taratibu. Ulichonga wewe?"

"Mimi. Kama nilivyochonga hiki, unaona mwenyewe. Mikono ya mtoto ilikuwa na utomvu wa ndizi."

"Utomvu?"

Mama wa maharage akatua kapu, akanyoosha viganja vyake mbele ya yule mzee. Vyeusi. "Waitu, basi hata mimi nimechonga," akasema. Wanawake wakacheka, mmoja mmoja wakawa wanaonyesha mikono yao, mpaka Mzee Feruzi naye akacheka, akajifuta ndevu. Shemeji hakucheka. Mimi pia sikucheka. Niliwachukia wote. Hao hao walioonyesha mikono leo walikuwapo siku ile, waliona mikono yako, na hakuna aliyenyoosha wa kwake.

Mzee Feruzi akasema, "Kiapo hakipo tena. Mtu haapi kwa kosa la mwingine. Mama mkwe nitamweleza mwenyewe." Na msafara unaondoka kesho asubuhi kama ulivyopangwa, mtapitia Kyaka, kando ya mto Kagera. Nimemuuliza mara mbili, akakasirika kwa kuulizwa mara mbili, ndipo nikaamini.

Shemeji yeye alinena alipokuwa anaingia ndani, bila kugeuka. "Na wewe kesho utoke. Msafara uende kwao, wewe uende kwenu." Nimefukuzwa, Rukia. Lile nililoliogopa, nikakuuza kwa ajili yake, limekuja kwa maneno machache tu, na halikuuma hata kama jino. Nacheka peke yangu huku nafunga vibao vyangu. Nakwenda Kimuli kwa wajomba. Huko kuna migomba, utomvu hautaniishia.

Nilimtuma somo wako akuulize kama umesikia. Akarudi uso umemshuka. "Amesikia yote dirishani. Nikamwambia, nimpelekee mama jibu gani? Akasema, mwambie amechelewa."

Amechelewa. Nimelirudia neno hilo tangu somo wako aliponiletea. Ni neno la kwanza la kweli uliloniambia tangu ukiwa na miaka kumi, na limenifurahisha zaidi kuliko shikamoo zako zote ukizijumlisha. Nimechelewa, naam. Sikuombi unisamehe. Ukinisamehe upesi nitakuchukia tena.

Lakini kuna jambo moja. Kile kibao hakijaisha. Jibrili yupo, mlango upo, migomba ipo, mistari ya babu yako ipo. Mahali patupu kati yao nimepaacha vizuri kuliko mara ya kwanza. Nilipofika kwenye uso wa mwanamke, kisu kikasimama. Uso wa mtoto wa miaka kumi naujua, ningeuchonga nimefumba macho. Wa kwako wa sasa siujui. Nimeishi nawe nyumba moja na sijui pua ya mwanangu imekuwaje, wala kama lile kovu bado linaonekana.

Kesho watakutoa kwa machela, umefunikwa ushungi. Mimi nitakuwa nimetangulia, nimesimama na mzigo wangu pale inapogawika njia ya kwenda Kimuli. Usishuke, usiniamkie. Ukifika mbele yangu funua uso, hata kama somo wako atapiga kelele, unitazame. Usiilainishe hasira yako kwa ajili ya watu. Ilete yote kama ilivyo, ukae nayo mbele yangu mpaka niione vizuri, kisha ujifunike uende zako. Huo ndio uso nitakaouchonga.

Salamu zimebaki, chache. Zichukue.

Ni mimi, Zuhura binti Makame, niliyechonga.